Mama Futi, msumari na jicho la angani

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Futi amekumbatia mti. Shavu la kushoto limegandama kwenye gome, mikono yote miwili imezunguka nyuma ya shina, na vidole vya mkono mmoja vinaitafuta ncha ya futi iliyoshikwa na mkono mwingine. Umande unamdondokea kisogoni. Hajali.

"Njoo basi, usinitese," anaibembeleza futi, mpaka ncha inafika. Anaivuta mbele, anaikaza, anainama kuhakikisha haijapanda upande mmoja. Kisha anasoma kwa sauti.

"Mia moja na kumi na mbili, nukta nne."

"Mia moja na kumi na mbili, nukta nne," anaitikia mwenzake, mwanamume mwembamba ambaye wote hapa humwita Karani, kwa sababu ndiye mwenye daftari. Kalamu iko tayari mkononi, lakini haandiki.

"Rudia," anasema Mama Futi, akijiambia mwenyewe. Anaiachia futi, anaizungusha upya, anasoma. Ni ileile. Sasa Karani anaandika.

Kiganja kimoja chini ya mahali futi ilipopita, kuna msumari uliobeba kibati chenye namba ya mti. Gome lililouzunguka limevimba, limeumeza msumari nusu. Mama Futi anaupapasa ule uvimbe kwa kidole gumba na kutikisa kichwa.

"Wewe nusura unifukuzishe kazi," anauambia, na Karani anacheka, ingawa ni wazi amekwisha usikia utani huo mara nyingi.

Mama Futi ana miaka hamsini na mmoja, watoto watatu, na magoti ambayo siku hizi yanalalamika kwenye miteremko. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa mpima miti wa ofisi ya misitu. Eneo lake lina viwanja ishirini vya mraba, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita hamsini kila upande, na ndani yake miti elfu moja mia mbili na sita. Kila mti una namba. Kila mwaka anaupima kiuno.

"Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia mimi ni fundi cherehani wa msitu," anasema. "Ila wateja wangu hawaji kuchukua nguo."

Utani huo una asili yake. Mume wake ni fundi cherehani kweli, na jina la Mama Futi alipewa siku ya kwanza kazini, alipofika na futi ya mumewe begani kwa sababu za ofisi zilikuwa hazijaletwa. Jina likamganda. Hata mkuu wa ofisi humwita hivyo kwenye barua.

Sasa, kipimo cha kiuno cha mti kina faida gani? Nilimuuliza, akanitazama kwa huruma.

"Mti unavuta hewa, unabakiza kaboni mwilini," alisema. "Ukiukausha mti ukaupima kwenye mizani, karibu nusu ya uzito wake ni hiyo kaboni. Lakini huwezi kuukata kila mwaka ili uupime, utakuwa umemaliza msitu. Kwa hiyo unapima kiuno, wenye hesabu zao wanakokotoa uzito. Mti ukinenepa, umeweka akiba. Msitu ukikonda, akiba imerudi hewani."

Kwa miaka mingi futi yake ilitawala peke yake. Halafu, miaka mitatu iliyopita, ofisini akaja msichana mwenye kompyuta mbili na miwani, mtaalamu wa picha za setilaiti. Wakampa jina la Dada Ramani.

Dada Ramani haingii msituni. Hukaa chumba cha mwisho cha ofisi, chenye dirisha moja, birika la umeme na mashine ya kuchapia iliyofunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Kutoka hapo huusoma msitu wote, pamoja na mingine ya mbali ambayo Mama Futi hajawahi hata kuisikia. Vyombo vinavyozunguka huko juu humletea ukijani wa majani, na vingine hupiga miale ya mwanga kupima urefu.

"Mwanga unagonga jani la juu kabisa, unarudi," alinieleza, akipandisha na kushusha mkono. "Mwingine unapenya mpaka ardhini, nao unarudi, ila umechelewa kidogo. Kule kuchelewa ndiko kunakotuambia mti una urefu gani. Tunachanganya na picha za miaka ya nyuma, tunajua msitu unaongeza kaboni au unapoteza."

Mama Futi aliyasikia maelezo hayo siku ya kwanza, na hakuyapenda hata kidogo. Anakiri bila kuficha.

"Nilijisemea, kitu kiko mbali hivyo, hata mimi mwenyewe hakinijui, ndiyo kije kiujue mti wangu wa mia nne na saba? Niliona naletewa mke mwenza."

Kwa miaka miwili waliishi kwa salamu tu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila mtu na njia yake. Kisha siku moja ya mwaka jana, Dada Ramani akaomba watu wote wa ofisi waje waone kitu. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili. Mwekundu ulikuwa wa futi, wa bluu ulikuwa wa setilaiti. Miaka ya mwanzo mistari ilikwenda pamoja. Kisha ule mwekundu ukaanza kupanda, mwaka hadi mwaka, huku wa bluu ukijiendea taratibu chini yake.

"Shida ni kwamba miti yako inanenepa, mama," alisema Dada Ramani kwa adabu, "lakini hairefuki."

"Hata mimi nilinenepa bila kurefuka," Mama Futi akajibu papo hapo. "Kamuulize baba watoto."

Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Aliyebaki amekunja uso ni mkuu wa ofisi. Yeye ndiye anayepeleka takwimu za msitu juu, na alikuwa na takwimu mbili za msitu mmoja. Alisema mwezi ukiisha atakaa kikao, ichaguliwe njia moja. Kama futi ndiyo inayodanganya, basi kikosi cha wapimaji hakitahitajika tena, na watu wake wanne watapewa barua za shukrani.

Mama Futi hakukubali. Alibisha pale pale, alibisha kwenye korido, alibisha hadi kwa mlinzi wa getini ambaye hakuwa ameuliza. Alileta madaftari yake kumi na moja, akayapanga juu ya meza ya mkuu. Hakuna namba iliyofutwa, hakuna ukurasa uliochanika.

"Nilikuwa tayari kula kiapo," anasema. "Kila namba mle niliisoma mara mbili. Mvua inanyesha, nasoma mara mbili. Siafu wananipanda, nasoma mara mbili. Halafu uniambie nimekosea? Mimi?"

Na kweli, namba hakuzikosea. Alichokuwa amekikosea ni kitu kingine, na aliyemfungua macho si mtaalamu yeyote. Ni suruali.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku tisa kabla ya kikao. Mama Futi alikuwa kwenye banda la mumewe, kama afanyavyo mwisho wa juma, anashona vifungo. Mteja mmoja akaingia amekasirika, mkono mmoja umeshika suruali mpya isimdondoke.

"Fundi, hii umeshona yangu au ya baba yangu?"

Fundi akashangaa. Ana miaka thelathini kwenye cherehani. Akafungua kitabu chake cha vipimo, akampima upya, na kweli, kiuno kilikuwa kimezidi inchi mbili nzima. Akamtazama mteja, akamzunguka.

"Siku ile ulikuja na shati hili hili, la kuning'inia nje?"

"Hili hili."

"Na hiyo pochi ya simu kwenye mkanda, ulikuwa nayo?"

Mteja akaipapasa pochi iliyotuna chini ya shati. "Siku zote ninayo."

"Basi nimekupima wewe na simu yako!" Fundi akapiga kofi. "Futi nimeisoma vizuri, lakini nimeipitisha juu ya kitu kisicho chako. Vua, nikupunguzie. Bure."

Mteja akaishia kucheka. Mama Futi hakucheka. Sindano ilikuwa mkononi na uzi umening'inia.

"Kifungo sikukimaliza," anasimulia. "Nikauona msumari. Nakwambia niliuona mbele ya macho yangu pale pale bandani, na gome limeuvimbia. Nikasema, Mungu wangu, kumbe na mimi napima na simu!"

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa kwanza, wapimaji walipewa mafunzo ya wiki mbili. Waliambiwa wapigilie msumari kwenye kimo cha kifua cha kila mti, watundike kibati, na kila mwaka wapitishe futi hapo hapo, juu kidogo ya msumari, ili kipimo kisihame. Agizo lilikuwa na akili yake. Tatizo ni kwamba mti ukichomwa msumari haukai kimya. Unajiponya, unajaza gome kuzunguka chuma, na uvimbe unakua pole pole. Mwaka wa pili hauonekani. Mwaka wa sita unaonekana lakini umekwisha uzoea.

Jumatatu Mama Futi na Karani waliingia msituni mapema. Mti wa kwanza, kwenye msumari, ulisoma sentimita tisini na nane. Kiganja kimoja juu yake, mahali gome lilipo laini, tisini na nne. Mti wa pili, hivyo hivyo. Walipima thelathini siku hiyo. Karibu yote ilikuwa na simu mfukoni.

"Nilikaa chini nikashika tama," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inapungua. "Nililia. Nisikufiche, niliona aibu. Miaka yote ile najivuna miti yangu inanenepa, kumbe nilikuwa napima vidonda nilivyoichoma mwenyewe."

Karani alimwacha alie, kisha akasema lile ambalo hata leo akikumbushwa huinamisha kichwa. Alisema: "Tukinyamaza, nani atajua? Huko juu msumari hauonekani."

Alikuwa na hoja. Wakisema, wanampa mkuu sababu ya kuwaondoa. Karani ana wazazi wazee nyumbani. Mama Futi ana kitinda mimba chuoni, na kwa umri wake nani atamwajiri? Mshahara wa mpima miti hautajirishi mtu, lakini kwa miaka kumi na miwili haujawahi kukosa mwezi, na cherehani ya mumewe hupata kazi na kukosa.

Alimweleza mumewe walipokuwa wanakunywa chai. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Yule bwana wa suruali amerudi leo," akasema. "Kaleta kitambaa kingine."

"Wewe ulimkosea mtu mmoja, baba watoto. Mimi ni msitu mzima."

"Sawa. Lakini utaamka kila siku uende kupima uvimbe, na sasa unajua ni uvimbe? Utaweza?"

Hakuweza. Kesho yake alibeba daftari la karibuni, akaenda mpaka chumba cha mwisho, akabisha hodi. Anasema mlango ule ulikuwa mzito kuliko kilima chochote alichokipanda. Dada Ramani aliinuka haraka, akamvutia kiti, akawasha birika.

"Mwanangu, usihangaike na chai," Mama Futi akamwambia. "Nimekuja kukwambia nimekosea. Mstari wako ndio wa kweli."

Akamweleza kila kitu, msumari, uvimbe, tisini na nane na tisini na nne. Dada Ramani alivua miwani, akaanza kuifuta. Mama Futi alidhani anatafuta namna ya kumfukuza kwa heshima. Kumbe binti alikuwa anawaza.

"Mama," akauliza mwishowe, "misumari iko kwenye miti yote?"

"Yote. Isipokuwa viwanja vitano vya mwisho. Kule misumari iliisha, tukafunga vibati kwa waya kwenye matawi, mahali pa kupimia tukachora mstari wa rangi."

"Iliisha? Hawakununua ya kutosha?"

"Walinunua. Msimamizi wetu wa wakati ule aliitumia kuezekea choo cha kambi."

Dada Ramani alirudisha miwani usoni, akageukia kompyuta. Lakini kwanza alitaka uhakika, kwa hiyo wakampigia simu msimamizi, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku. Mama Futi akaweka sauti ya simu juu.

"Shikamoo mzee. Tunauliza kuhusu ile misumari ya mwaka wa kwanza."

Mzee akalipuka. "Jamani! Miaka zaidi ya kumi bado mnanifuatilia misumari? Ilikuwa kilo mbili tu! Na choo mlikitumia wote, hata wewe Mama Futi, tena ndiye uliyelalamika kinavuja!"

Ilichukua muda kumtuliza. Wakati huo Dada Ramani alikuwa ametenganisha miti mia tisa kumi na miwili yenye misumari na ile mia mbili tisini na nne isiyo nayo. Akachora mistari upya, ya viwanja vitano tu. Mwekundu na wa bluu ikaja kwenye kioo, na safari hii ilikwenda bega kwa bega kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, inagusana, inaachana kidogo, inagusana tena.

"Aliruka," anasema Mama Futi. "Mtoto wa watu na miwani yake, akaruka. Akanikumbatia kama ninavyokumbatia miti. Mimi nalia, yeye anacheka, birika linachemka hakuna wa kulizima."

Kwenye kikao, mkuu wa ofisi aliuliza swali ambalo kila mtu alilitarajia. Ikiwa setilaiti ilikuwa sahihi, futi ni ya nini tena? Aliyesimama kujibu hakuwa Mama Futi.

"Mheshimiwa, ramani yangu iliniambia kuna tofauti. Haikuniambia kosa liko wapi, wala la nani," alisema Dada Ramani. "Ningeweza kuwa mimi. Na kwenye kiwanja cha kumi na nane, chini ya miti mikubwa, mama ameandika miche sitini na mmoja inayokua kivulini. Ramani yangu haioni hata mmoja. Nisipokuwa na mtu wa kwenda kushika mti, nitakuwa kipofu na sitajua."

Mkuu alifunga faili. Akasema kikosi kibaki, miti yote yenye misumari ipimwe upya mara mbili, kwenye msumari na juu yake, ili madaftari ya zamani yarekebishwe mti kwa mti badala ya kutupwa. Kisha akauliza, kwa uso wa kazi kabisa, kama kile choo bado kipo. Kipo. Bado kinavuja.

Ndiyo kazi inayofanyika asubuhi hii, kwenye kiwanja cha tisa. Juu ya kila msumari sasa kuna mstari mwembamba wa rangi nyeupe, na hapo ndipo futi itakapopita kuanzia mwaka huu.

Leo wamekuja watu watatu badala ya wawili. Dada Ramani amevaa mabuti ya kuazima, moja limemzidi, na amekwisha anguka mara moja. Alitaka kuiona miti ambayo ameitazama kutoka juu kwa miaka mitatu. Anaambiwa apime mmoja. Anaukumbatia kwa mbali, vidole haviipati ncha ya futi, Mama Futi anamsukuma kidogo mgongoni.

"Lala juu yake, mwanangu, usiuonee haya. Haya, papasa kwanza. Kuna uvimbe? Hakuna? Soma."

"Themanini na saba, nukta moja."

"Rudia."

Dada Ramani anarudia. Themanini na sita, nukta tisa. Anatazama futi kama imemdhulumu, na Karani anacheka mpaka daftari linamtoka mkononi.

Mwaka ujao ofisi itapokea wapimaji wapya kutoka misitu mingine, na Mama Futi ameombwa awe mwalimu wao. Amekwisha panga somo la kwanza. Hakuna kugusa futi siku nzima, watapapasa magome tu. Anataka pia kupata siku ya kukaa chumba cha mwisho, afundishwe kuisoma ramani, kwa sababu anasema amechoka kuelezwa.

Ananionyesha daftari la kumi na mbili. Kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya namba yoyote, ameandika kwa mkono wake: *Vipimo vya madaftari yaliyotangulia, kiwanja cha kwanza hadi cha kumi na tano, vilipita juu ya uvimbe wa msumari. Niliyepima ni mimi.* Chini yake kuna sahihi na namba ya simu.

Nikamuuliza namba ya simu ni ya nini.

"Miaka kumi na miwili mingine kuna mtu atayafungua haya madaftari," anasema, akikunja futi yake kuelekea mti unaofuata. "Akikuta kosa langu jingine, asione haya. Anipigie. Nitakuwa na miaka sitini na mitatu tu. Nitachukua futi, nije tupime wote."